Mtaro Tuliouchimba Mteremko wa Newala

Wenzangu mliobaki kambini mmeniomba niandike niliyoyaona barabarani tangu nilipoanza kazi. Nimeanza mara mbili na mara zote nimechana karatasi, kwa sababu nilijikuta naandika orodha ya vyeo na majina ya wakubwa niliowatumikia. Hayo yako kwenye faili langu. Anayeyataka akalitafute, akivumilia vumbi atalipata. Mimi nitaandika yasiyo kwenye faili, na zaidi habari ya kona moja kwenye mteremko wa kutoka Newala kwenda Masasi, kwa sababu mengi ninayoyajua kuhusu ajali nilijifunza pale, na sikujifunza kwa njia nzuri.

Nilianza miaka michache kabla ya Uhuru, Mwingereza akiwa bado ndiye mwenye boma. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, nimesoma mpaka darasa la nne, na nilichukuliwa kwa kuwa niliweza kusoma futi kamba. Kundi letu lilikuwa la watu kumi na wanne. Mnyapara wetu alikuwa Mzee Nalinga, Mmakonde mfupi, mwembamba, mwenye chale usoni na kofia moja ya kaki; nyingine sikuwahi kumwona nayo. Wanyapara wengine wa siku zile walitembea na fimbo. Yeye alitembea na ubao wa futi kumi begani na pima maji mfukoni, na nilikuja kugundua kwamba ubao ule unaumiza kuliko fimbo, kwa sababu ulionyesha kila kosa.

Siku ya kwanza nilimkuta amesimama katikati ya barabara, anatazama ardhi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Unaitwa nani?"

"Rashidi."

"Rashidi, mvua ikinyesha hapa tuliposimama, maji yatakwenda wapi?"

"Chini, Mzee."

"Kila kitu kinakwenda chini. Nimekuuliza wapi."

Akanipa karai na koleo, nikaanza kubeba kifusi. Wiki tatu baadaye mvua ya kwanza ilipoanguka, wenzangu walikimbilia kwenye banda, mimi nikaambiwa nibaki barabarani nitazame. Nililowa mpaka mifupa, lakini niliona. Maji yalishuka kutoka ukingo wa juu, yakapita kwenye nyayo zangu, yakavuka barabara kwa mshazari na kuondoka na kifusi chetu cha wiki tatu. Nikarudi bandani natetemeka, nikamwonyesha kwa kidole. Akatikisa kichwa kukubali, akanimegea muhogo wake wa kuchoma. Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Alinifundisha kwamba barabara ya udongo lazima iwe na mgongo: katikati iinuke, pembeni ishuke, maji yakimbilie mitaroni. Alinifundisha kusoma alama za magurudumu kama mwindaji anavyosoma nyayo. Pale dereva alipoanza kufunga breki, pale alipoyumba, pale alipotoa gia. Hilo la gia nawaomba mlisikie vizuri, ninyi mnaosimamia miteremko. Madereva wengi wa malori ya wafanyabiashara walipofika kichwa cha mteremko walitoa gia na kuzima injini, gari likateremka lenyewe mpaka bondeni. Walisema wanaokoa petroli. Gari lenye magunia yamejaa bodi, na juu ya magunia abiria na kuku wao, linateremka kimya likiwa limeshikwa na breki tu. Breki zikipata moto hazishiki tena. Tuliwaambia. Walicheka, wakatupungia mkono, wakapita kimya kama baiskeli.

Sasa nije kwenye kona. Katikati ya mteremko barabara ilikuwa imechongwa ubavuni mwa mlima. Upande mmoja ukuta wa udongo mwekundu, mrefu kuliko mtu aliyesimama juu ya mtu mwingine. Upande wa pili korongo. Barabara inapinda kuufuata mlima, na anayeteremka haoni kilicho mbele mpaka amefika. Kila masika maji yalitoka juu ya ukuta ule yakaikata barabara hapo konani. Bwana Injinia, Mwingereza aliyekuwa akija kutoka Lindi mara moja moja, akataka mtaro chini ya ukuta. Mzee Nalinga akauchora, sisi tukauchimba.

Chini ya ukuta palikuwa na ukanda wa ardhi wenye upana wa hatua moja hivi, umenyooka na kushindiliwa, laini kama sakafu ya nyumba iliyopakwa udongo jana. Tulifurahi kuuona. Tulivuta kamba juu yake, tukachimba hapo hapo: upana futi tatu, kina futi mbili na nusu. Ilituchukua wiki sita. Katika watu kumi na wanne na mnyapara wao, hakuna aliyeuliza nani aliishindilia ardhi ile.

Masika yakaja. Hakuna hata tone lililovuka barabara. Bwana Injinia alikuja kutazama mvua ikiwa bado inanyesha, akasimama na mwavuli, akampa Mzee Nalinga mkono. Sisi tulisimama nyuma tukijiona wajenzi wa reli.

Kiangazi kilipoingia, lori la kwanza likagonga ukuta pale konani. Hakuna aliyeumia. Dereva akasema alikuwa anakwepa watu. Baada ya wiki chache la pili likatumbukiza magurudumu mawili mtaroni, na dereva huyu naye akataja watu. Watu gani, hakuna aliyewaona. Askari wakaandika ulevi kwa mmoja na mwendo mkali kwa mwingine. Kilichotushangaza sisi ni kwamba barabara ilikuwa kavu na katika hali nzuri kuliko wakati wowote. Masika yenye tope na utelezi yalipita salama, halafu magari yanaanguka jua likiwaka. Mzee Nalinga aliipima kona ile kwa ubao wake mara tatu, mgongo ukawa sawasawa mara tatu.

Boma likaleta ubao wa tangazo, nikaupigilia mimi mwenyewe: ni marufuku waendao kwa miguu kupita katika barabara ya mteremko. Uliandikwa kwa herufi nzuri sana. Waliojua kusoma siku zile walikuwa wanapita wamepanda magari.

Dereva niliyemfahamu kuliko wote alikuwa Issa Chilumba, Myao wa upande wa Masasi, mwenye sauti ya upole na tumbo lililoanza kuonekana. Aliendesha lori la mfanyabiashara mmoja wa mjini. Hakuwahi kutupita bila kupunguza mwendo ili vumbi lisitufunike, na akimwona Mzee Nalinga alivua kofia huku ameshika usukani kwa mkono mmoja, jambo ambalo Mzee alilichukia na kulipenda kwa pamoja. Lakini Issa naye alikuwa anatoa gia. Sitamfanya malaika.

Asubuhi ile tulikuwa tunazibua kalavati kama robo maili chini ya kona. Sauti ya lori hatukuisikia, kwa kuwa injini ilikuwa imezimwa. Tulichosikia ni mbao za bodi zinavunjika, moja baada ya nyingine, halafu kimya, halafu watu wakilia. Tukatupa makoleo na kukimbia kupanda.

Lori lilikuwa limelala ubavu chini ya barabara, limezuiwa na miti miwili. Ukingo wa nje ulikuwa umemeguka kwa urefu wa gari zima. Magunia ya ufuta yalipasuka, abiria wamekaa juu ya ufuta kama watu waliotupwa kwenye mchanga wa mto. Issa alikuwa amevunjika mkono wa kushoto, unaning'inia, naye anazunguka anahesabu watu kwa sauti. Kila akimaliza anakosa mmoja, anaanza tena.

Aliyekosekana tulimkuta chini ya magunia. Alikuwa fundi cherehani, Bwana Petro, mtu wa Lupaso, aliyekuwa amepanda Newala kushona nguo za harusi na sasa anarudi kwake. Tulimtoa akiwa na fahamu zake. Aliuliza habari ya cherehani, akaomba lisilazwe chali mafuta yasije yakamwagika juu ya kitambaa. Tulimpakia pamoja na majeruhi wengine kwenye gari la idara kuwapeleka hospitali ya misheni Ndanda. Nilikaa nyuma nimeshika kichwa chake mapajani. Hatukuwa tumefika mbali baada ya Masasi nilipojua kwamba ninashika kichwa cha marehemu. Sikumwambia mtu mpaka tulipofika, kwa sababu wale wengine walikuwa bado wanahitaji tumaini kwa njia yote iliyobaki.

Issa alipofungwa mkono hospitalini, askari walikuwa wanamsubiri mlangoni. Alisema neno moja tu: aliwakuta wanawake katikati ya barabara, akakwepa. Wanawake gani, wako wapi? Akarudia lile lile. Abiria wake walikuwa wamekaa wakitazama nyuma, hawakuona kitu. Akapelekwa mahabusu Newala kusubiri kesi ya kusababisha kifo.

Kesho yake nilitumwa konani pamoja na askari, nikamshikie futi kamba. Alipokuwa anaandika, nikatazama mtaroni nikaona vigae vitatu vya mtungi. Kimoja kilikuwa shingo, na ndani yake yamebaki majani, yale ambayo wanawake wanayaweka juu ya maji yasimwagike wakitembea. Majani yalikuwa yamenyauka pembeni tu. Katikati yalikuwa bado mabichi.

Nilivifunika kwa karai. Askari aliponiuliza kama kuna kitu upande wangu, nikasema hakuna.

Mtaniuliza kwa nini, na nimejiuliza mara nyingi. Nilikuwa bado sijaelewa vizuri, lakini nilielewa nusu, na ile nusu ilinitosha kuogopa. Mtaro ulikuwa wetu. Bwana Injinia alikuwa ameushika mkono wa mnyapara wangu kwa ajili ya mtaro ule. Nilikaa na vigae vile siku nne, nimevifunga kwenye shati chini ya kitanda changu kambini, na siku hizo nne Issa alikuwa amekaa sakafuni mahabusu na mkono uliovunjika. Ninaandika hili ili mjue kwamba si madereva peke yao wanaochelewa kufunga breki.

Siku ya tano niliondoka kambini alfajiri, nikaenda kukaa konani juu ya jiwe. Jua lilipopanda kidogo wakaanza kutokea kutoka bondeni, wanawake, mmoja nyuma ya mwingine, mitungi na vibuyu kichwani. Ninyi mliozaliwa juu huku mnajua taabu ya maji ya Makonde. Masika watu wanakinga ya mvua na hakuna anayeshuka. Kiangazi visima viko bondeni, na kila ndoo inapandishwa mlima kwa kichwa. Nilihesabu wanawake thelathini nikaacha. Wote walipita barabarani, wamebana ukingo wa mtaro, migongo yao ikiwa hatua mbili tu kutoka katikati ya njia ya magari. Hapo ndipo nilipopata ile nusu nyingine.

Wa mwisho alikuwa Mama Fatu, kijana wa umri wangu, amembeba mtoto mgongoni. Nilimfahamu kwa kuwa kwao hapakuwa mbali na kambi. Wenzake walikuwa na mitungi, yeye alikuwa na kibuyu kipya.

"Habari za asubuhi, Mama Fatu."

"Nzuri."

"Mtungi wako uko wapi?"

Alisimama bila kugeuza shingo, kwa sababu ya kibuyu. "Ulivunjika."

"Ulivunjikia wapi?"

"Kaka Rashidi, unajua wapi. Umekaa hapo hapo."

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akaniuliza aseme kwa nani. "Ubao wenu unasema tusipite, ndivyo tulivyosomewa. Lile gari halikulia. Nilipinda tu hivi nikaliona. Dereva aliniona, nikayaona macho yake. Akageukia kule kwenye shimo. Tukakimbia. Nikisema nilikuwa hapa, watanifunga mimi na mtoto wangu."

"Lakini kwa nini mnapita barabarani?"

Sasa aligeuka, kibuyu na vyote, akanitazama kama mtu anayetazama mgonjwa wa akili.

"Njia yetu iko wapi?" akauliza. "Bibi yangu alipita hapa chini ya ukuta, mama yangu alipita hapa. Mmeichimba. Mlipokuwa mnachimba tulipita juu yenu tukawasalimu, mkaitikia. Tukasema labda mtatuwekea nyingine."

Nilirudi kambini nikachukua lile shati na vigae vyake, nikaenda kwa Mzee Nalinga. Alikuwa ananoa jembe. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, na nikamalizia kwa kusema kwamba barabara ndiyo iliyosababisha ajali.

Aliendelea kunoa kidogo. Kisha akauliza, "Mtaro ule aliuchora nani?"

"Wewe, Mzee."

"Ukachimbwa na nani?"

"Sisi."

"Basi usiseme barabara. Barabara haikujichimba."

Akatazama vigae, akaitoa ile shingo ya mtungi na kuigeuza geuza. "Umekaa navyo tangu lini?"

Nikamwambia. Hakunikaripia. Aliweka jembe chini, akavaa kofia, akasema, "Siku nne ni nyingi kwa mtu aliyefungiwa," akaondoka. Ningependelea anipige.

Kwanza alikwenda kwa mjomba wake Mama Fatu, kwa kuwa kwetu jambo la namna hiyo huanzia kwa mjomba. Walizungumza kutwa nzima. Mjomba hakutaka. Alisema serikali haijawahi kumwita mwanamke bomani ikamrudisha na faida. Mzee Nalinga akamjibu kwamba hana ahadi ya kumpa isipokuwa moja, kwamba yeye atasema kwanza, na kama kuna wa kushikwa atashikwa yeye kabla ya Mama Fatu kufungua mdomo. Mwishowe Mama Fatu mwenyewe akatoka ndani akasema atakwenda. Alisema yale macho ya dereva yanamjia anapokwenda kisimani.

Kesi ilisikilizwa bomani Newala mbele ya Bwana DC, karani akitafsiri. Issa alikuwa kizimbani, amekonda, mkono kifuani. Mzee Nalinga alipoitwa, alisimama akiwa ameshika ubao wake wa futi kumi. Askari alimwambia auache nje, akakataa, akasema ndio unaomsaidia kufikiri. Akaeleza mtaro, njia, kiangazi na maji. Alieleza kwa Kiswahili cha kazini, maneno machache, bila kuomba radhi na bila kujipamba.

Bwana DC akauliza kitu, karani akatafsiri, "Bwana anauliza, je, unasema barabara ya serikali ndiyo iliyomwua mtu huyu?"

"Nasema nilichora mtaro juu ya njia ya watu na sikuuliza njia ni ya nani. Mvua niliiuliza. Watu sikuwauliza."

Karani alichukua muda kuyatafsiri hayo.

Kisha Mama Fatu akasimama, mtoto mgongoni, akasema kama alivyoniambia mimi. Alipoulizwa kama anamtambua dereva, akamtazama Issa, na Issa akainamisha kichwa akaanza kulia. Hakulia kwa sauti, mabega tu. Nami niliitwa, nikaonyesha vigae, na nilipoulizwa vilikuwa wapi siku zote hizo nikasema chini ya kitanda changu. Karani alinitazama vibaya kuliko Bwana DC.

Issa alipoulizwa, alikiri kwamba alitoa gia na kuzima injini, na kwamba abiria walikaa juu ya mzigo. Angeweza kukana; hakuna aliyeona gia. Nadhani baada ya kumsikia Mzee Nalinga aliona aibu kubaki yeye peke yake na siri. Bwana DC alimwondolea kesi ya kifo, lakini alimnyang'anya leseni mwaka mzima kwa yale mawili. Naye alikuwa sahihi, maana gari lenye injini na gia lingelia, Mama Fatu angelisikia, na dereva angekuwa na nguvu ya kulishika. Na kama mtaro wetu usingekuwepo, Mama Fatu asingekuwa barabarani. Ajali nyingi nilizochunguza baadaye zilikuwa hivyo: mtu huyu kakosea kidogo, na yule kidogo, na wa tatu amekaa ofisini.

Bwana Injinia hakumpa tena Mzee Nalinga mkono. Ilikuja barua ya kumhamishia barabara ya Tunduru. Lakini barua ilichelewa, kama barua zote za idara, na katika kuchelewa kule tukapata kiangazi kizima cha kurekebisha.

Issa alikuja kuomba kazi kwetu, kwa kuwa bila leseni hakuwa na la kufanya. Alikuwa mchimbaji mbovu sana. Koleo lilimshinda hata mkono ulipopona. Lakini alijua kitu ambacho sisi wote kumi na wanne hatukukijua: barabara inavyoonekana kutoka kwenye kiti cha dereva. Alituketisha juu ya pipa, urefu ule ule wa kiti, akalisogeza hatua kwa hatua kwenye mteremko, akatuuliza tunaona nini. Tulikuwa hatuoni kitu. Mawe tuliyokuwa tunayapaka chokaa kila mwezi kwa jasho letu yalikuwa yamejificha nyuma ya pembe ya ukuta. Aliyeyaona alikuwa ameshachelewa. Tukaichonga pembe ile mpaka aliyeketi juu ya pipa akaona mtu upande wa pili wa kona. Kichwani mwa mteremko tukaweka tuta, pana na refu, ili gari lolote lilazimike kukaribia kusimama kabisa na kuondoka kwa gia ndogo. Madereva walitutukana. Issa aliwaitikia kwa majina yao.

Na juu ya ukuta, kwa ndani, Mzee Nalinga akachora njia ya watu. Safari hii hakutumia kamba. Alimwomba Mama Fatu na wenzake wawili watembee na mizigo yao kama wanavyopenda, naye akafuata nyuma akipigilia vigingi mahali walipokanyaga. Pale walipopumzika, tukapasawazisha. Pale palipokuwa pakali, tukachonga vidato na kuviwekea magogo. Mtaro ulibaki mahali pake, kwa kuwa maji nayo yalihitaji njia. Yale niliyoyaona mkiyafundishwa siku hizi kwa michoro, kwamba kabla ya kupima barabara uhesabu kwanza wanaotembea, mimi niliyaona yakifanywa na mtu asiyejua kuandika jina lake.

Aliondoka kwenda Tunduru wiki ile njia ilipokwisha. Aliniachia ubao, akasema kule kuna miti, atakata mwingine. Sikumwona tena kazini.

Siku chache baada ya hapo nilikuwa peke yangu konani napaka mawe chokaa. Akaja mama mmoja kwa miguu kutoka bondeni, amejifunga kaniki, viatu ameshika mkononi. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia, akauliza kama hapa ndipo gari lilipoanguka. Alikuwa Mama Agnesi, mjane wa Bwana Petro. Alikuwa amelala njiani siku mbili kutoka Lupaso.

Nilimwonyesha ile miti miwili. Aliitazama kwa muda. Nilimwambia kwamba nilikuwa na mumewe garini, na kwamba alizungumza habari ya cherehani. Akasema cherehani lilifika zima, binti yao anajifunzia. Kisha akaniuliza, "Nimesikia dereva alikuwa anamkwepa mtu. Ni nani?"

Nilijua jina, na nilijua nyumba. Nilikuwa bado natafuta la kusema wakati wanawake walipoanza kupita juu yetu kwenye njia mpya. Mmoja akasimama. Alishuka vidato, akatua mtungi wake chini, mtungi wa udongo, si kile kibuyu.

"Ni mimi, mama," Mama Fatu akasema. "Mimi na huyu." Akamgeuza mtoto aliyekuwa mgongoni ili aonekane.

Mama Agnesi alimtazama mtoto. Mtoto alikuwa amelala, mdomo wazi, nzi anamzunguka. Akamfukuza yule nzi kwa kiganja.

"Anaitwa nani?"

"Fatu."

"Ana miezi mingapi?"

"Amemaliza mwaka. Anasimama kwa kushika ukuta."

Mimi nilishika brashi yangu ya chokaa, nikitamani niwe mahali pengine. Juu, wenzake Mama Fatu waliita kwamba jua linapanda. Akainama kuuchukua mtungi, lakini ulikuwa umejaa, na mwenye mtoto mgongoni hawezi kujitwika peke yake. Nikaweka brashi chini niende kumsaidia. Mama Agnesi alikuwa ameshaweka viatu vyake kando ya barabara. Akainama, akaushika mtungi kwa mikono miwili, akauinua bila kumwaga, akamtwika.